Upande wa Kujibia

Kila siku ya kazi, saa nane na nusu mchana, Dorotea alichomoa waya wa friji ukutani. Friji ile ilikuwa na mngurumo ambao watu wa nyumba walikwisha kuuzoea, lakini kaseti haizoei kitu. Hunasa kila kinachosikika. Baada ya friji alifunga dirisha la jikoni, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo, akachungulia chumbani kuona kama Godson, mwanawe wa miaka mitatu, amelala kweli au anajifanya. Kisha aliteremsha radio kaseti mbili kutoka juu ya kabati na kuziweka mezani zikitazamana.

Hapo ndipo kwaya yake ilipokutana. Kwaya yenyewe ilikuwa mtu mmoja. Aliimba sauti ya kwanza, akainasa. Aliipiga kwenye radio ya kushoto huku akiimba sauti ya pili, na radio ya kulia ikazinasa zote mbili. Akabadilisha kaseti, akaongeza sauti ya tatu. Kila mara sauti iliyotangulia ilirudi nyuma kidogo, kama mtu anayeimba nyumba ya jirani. Sauti ya nne, besi, hakuwa nayo. Koo lake halikufika huko chini. Mahali pa besi aligonga meza kwa kifundo cha kidole, pigo kwa pigo, asije akapotea.

Alikuwa akitunga mchezo wa jukwaani, wa kuimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwaya mbili zinakwenda mashindanoni, zinakuta daraja limesombwa na mto. Moja imekwama upande huu, nyingine upande ule, na ni mahasimu wa miaka mingi. Kwa siku tatu hawana la kufanya ila kuimbiana juu ya maji. Kazi hiyo ilikuwa na umri wa miezi kumi na minne. Aliiandika kwa nota za do-re-mi, kama alivyofundishwa chuo cha ualimu, nyuma ya ratiba zilizokwisha matumizi za nyumba ya wazee alikofanya kazi Jumamosi na Jumapili jioni.

Alhamisi hiyo ya Februari, mwaka 1994, alifungua bati la biskuti alimohifadhi kaseti, akatia mkono. Akatoa uzi. Akatoa vifungo na mkasi na kadi ya kliniki. Aliligeuza bati juu chini mezani, sindano zikamwagika. Kaseti haikuwemo.

*

Alitafuta chini ya makochi, ndani ya viatu, kwenye kikapu cha nguo chafu. Alimwamsha Godson, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa hiyo, akamwuliza kama amechezea kaseti. Mtoto alianza kulia kwa usingizi.

Haikuwa kaseti yoyote tu. Ilibeba nyimbo tano za mwanzo, dakika ishirini na mbili, sauti tatu zikiwa zimekamilika. Kesho yake, Ijumaa, saa kumi na moja jioni, ilipaswa kuwa mezani kwa kamati ya kikundi kimoja cha maigizo kule mjini, kilichokuwa kikichagua kazi nne mpya za kuonyeshwa majira ya kuchipua. Dorotea aliwapelekea karatasi zake mwezi wa kumi na moja. Mama aliyempokea alizifunua moja moja, zile safu za d na r na m zilizotenganishwa kwa nukta, akamwuliza kwa upole kama hiyo ni orodha ya dawa. Wenzake wawili walicheka. Dorotea naye alicheka, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na uso wake. "Tuletee kaseti," yule mama alimwambia mwishowe. "Masikio hatujayapoteza."

Mlango ulifunguka saa tisa na dakika arobaini. Sara, binti yake wa miaka tisa, aliingia na theluji kwenye viatu, akaona sindano mezani na mdogo wake analia, akaenda moja kwa moja kuchomeka waya wa friji. Ilikuwa kazi yake ya kila siku. Mama yake husahau.

"Sara, umeiona kaseti? Iliyokuwa kwenye bati."

"Ile ya Bibi?" Sara alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Baba alikuwa anaongea nayo jana asubuhi, ulipompeleka Godson kliniki. Aliniambia nile uji wangu bila kugonga bakuli."

Dorotea alikaa kitako.

Katika ukoo wa mumewe hakuna aliyeandika barua. Mama mkwe wake, kule Songea, alizungumza kwenye upande wa kwanza wa kaseti, akaikabidhi kwa msafiri. Waliopokea walisikiliza, wakaigeuza, wakazungumza upande wa pili, na kaseti ileile ikarudi. Upande huo wa pili waliuita upande wa kujibia, na ulikuwa mali ya aliyeandikiwa kwa sauti. Mtu mwingine hakuugusa. Dorotea aliugusa. Jumatatu, siku ambayo kila kitu kilikaa sawa, mtoto kalala, jirani wa juu katoka, koo safi, alikuta Godson ameivuta nje yote ile tepu ya kaseti mpya aliyoiandaa. Kaseti tupu nyingine haikuwepo. Ya mama mkwe ilikuwepo. Alijiambia ataihamisha kesho. Jumanne akanasa sehemu ya pili ya mchezo juu ya kaseti za zamani, zile zenye sauti mojamoja za nyimbo hizo, na kwa hiyo hapakubaki nakala hata moja.

*

Cyprian alisomea upimaji wa ardhi. Katika bohari la vipuri vya magari, mtaa wa pili kutoka nyumbani kwao hapo ugenini, Downsview, kazi yake ilikuwa kuweka vichujio vya mafuta ndani ya maboksi, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tano na nusu usiku. Simu ya zamu ilikuwa kwenye kibanda cha kioo cha msimamizi, na kila aliyeitwa huko alitembea mbele ya wenzake wote.

"Ni mkeo," msimamizi alisema. "Anasema ni dharura."

Cyprian aliishika simu kwa glavu. "Mtoto?"

"Watoto hawajambo, Baba Sara."

"Moto?"

"Hapana. Kaseti. Kaseti ya Mama iko wapi?"

Alimtazama msimamizi, ambaye alikuwa akiangalia saa ya ukutani bila kujificha. Cyprian aligeuka akampa mgongo. "Mama Sara, umenipigia kazini kwa ajili ya kaseti?"

"Iko wapi?"

"Nimeijibu. Jana Ghulamabbas amepita kuchukua mizigo ya watu, anasafiri kwenda nyumbani Jumamosi. Kuna nini?"

Dorotea alisema, polepole, kama mtu anayekiri mbele ya hakimu, "Upande wa kujibia ulikuwa na nyimbo zangu."

"Nyimbo gani?"

Swali hilo lilimchoma Dorotea kuliko upotevu wenyewe. Lakini Cyprian aliuliza kwa dhati. Kwa mwaka mzima alipokuwa nyumbani, mkewe hakuimba. Radio zilikuwa juu ya kabati. Friji ilinguruma. Kuna siku, zamani kidogo, alimkuta akiandika, akamsikia akisema kama anajisemea, "Ningepata mtu wa besi." Yeye akavua viatu akajibu, "Weka tangazo kanisani." Aliona ni mzaha. Usiku huohuo Dorotea aliondoa karatasi zake mezani, na Cyprian hakuziona tena.

"Za mchezo wangu," Dorotea alisema. "Zinatakiwa kesho. Kesho asubuhi tunakwenda kwa Ghulamabbas, Richmond Hill."

"Hapana. Nitakwenda peke yangu."

"Tutakwenda wote."

"Mama Sara, niachie mimi, nitaichukua. Hakuna haja ya wewe kuja mpaka kule."

Alisema hivyo kwa haraka mno, na Dorotea aliisikia haraka hiyo. Msimamizi alikohoa. "Umechelewa mara mbili mwezi huu," alimwambia Cyprian alipoweka simu, "na sasa kaseti." Kwenye mstari wa maboksi mtu mmoja alianza kupiga mluzi wa disko, na wengine wakacheka.

*

Asubuhi walipanda basi hadi stesheni ya Finch, kisha basi jingine la kwenda kaskazini, Godson akiwa katikati yao ndani ya koti lililomfanya ashindwe kukunja mikono. Walizungumza naye, si wao kwa wao. "Muulize baba kama ana kitambaa." "Mwambie mama nimekipata." Mtoto aliwatazama kwa zamu, akafurahi kuwa mtu muhimu.

Nje ya dirisha maduka yalipungua, nyumba zikawa kubwa, zikaanza kufanana. Mara mbili Cyprian alifungua mdomo. Mara ya tatu alisema, "Nikiipata, nitaipeleka mbele kwa mkono wangu mpaka pale wimbo unapoanzia. Usihangaike kusikiliza mwanzo."

"Umeongea muda gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni dakika ngapi?"

Dorotea alikuwa akihesabu kichwani. Wimbo wa kwanza ulikuwa dakika nne. Katika huo kwaya mbili zinaonana kwa mara ya kwanza ng'ambo na ng'ambo, kila moja inajifanya haijaiona nyingine. Ulimchukua miezi mitatu.

Mlango ulifunguliwa na Bi Daulat, mama yake Ghulamabbas, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sweta mbili na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizaliwa Lindi, na alipoisikia "Shikamoo" ya Dorotea alimshika mkono akasahau kuuachia.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Ingieni, msisimame hapo mkageuka barafu. Ghulamabbas hayupo, kaenda kufunga hesabu za duka. Nilofar yuko benki tangu saa mbili. Mkwe mzuri sana yule, lakini nyumba ikishakaa hivi mimi nazungumza na birika."

Cyprian alieleza shida yao akiwa bado amesimama, kofia mkononi. Kuna kaseti ilitumwa kwa makosa. Anaomba radhi. Anajua mzigo ukishapokewa si adabu kuurudia.

"Adabu?" Bi Daulat alisema. "Shida si adabu, shida ni mzani." Aliwaonyesha sanduku katikati ya sebule, limefungwa kamba mara mbili. "Hili lina kilo thelathini na mbili kamili, kikomo cha ndege. Jana Ghulamabbas kalibeba mwenyewe akapanda nalo kwenye mzani wa bafuni, kisha akatoa uzito wake. Kafukuza watu wote kwanza, maana uzito wake ni siri ya serikali."

Godson alicheka kwa kuwa bibi alicheka. Walifungua kamba. Juu kulikuwa na mashati ya watoto, dawa za kupaka, miwani ya mtu, viatu vya harusi. Chini yake ulikuwa mfuko wa plastiki wenye kaseti kumi na moja, zote za aina moja, nyeusi, zile za bei nafuu zinazouzwa kwa pakiti. Hazikuwa na bahasha.

"Bahasha kazitoa zote," Bi Daulat alisema. "Gramu, gramu. Kaandika namba kwenye daftari, na daftari analo yeye." Alikwishaenda kwenye redio kubwa ya Nilofar, yenye spika mbili ndefu kama makabati. "Tusikilize. Sauti ya mumeo utaijua?"

"Tungemsubiri tu," Cyprian alisema.

"Mpaka saa kumi na mbili jioni? Weka."

Kaseti ya kwanza ilikuwa ya mwanamume mwenye mafua. "Dada, sisi wazima. Hapa pazuri. Baridi tu, lakini tumezoea." Bi Daulat aliitoa. Ya pili ilikuwa ya msichana. "Baba, shikamoo, sisi wazima, hapa pazuri sana, tatizo baridi." Ya tatu ilikuwa mama na watoto wakisukumana kwenye kinasa sauti, nao walikuwa wazima, napo palikuwa pazuri. Bi Daulat aliziweka kando moja moja, zikiwa zimetazama upande mmoja, na uso wake ukaanza kupoteza ucheshi.

"Wote pazuri," alisema. "Mimi pia kila Idi nawaambia pazuri."

Kaseti ya tano ilikohoa, kisha ikasikika sauti ya kizee, yenye pumzi fupi. Dorotea aliinua kichwa. Alikuwa mama mkwe wake. Ulikuwa upande wa kwanza, karibu na mwisho wake.

"...na mahindi nimeuza. Cyprian mwanangu, nina neno moja. Mkeo bado anaimba? Hapa tukimkumbuka tunamkumbuka kwa sauti. Mwambie aniimbie upande wa kujibia, hata kidogo tu. Nimemaliza."

Kaseti ilikwaruza, ikafika mwisho, ikajizima.

Dorotea alimgeukia mumewe. "Hukuniambia."

"Niliona nitakuumiza," Cyprian alisema.

"Kwa nini niumie?"

Bi Daulat, ambaye mikono yake haikujua kusubiri, alikuwa amekwisha kuigeuza. Cyprian alipiga hatua moja kuelekea redio, na Godson, aliyekuwa kakaa sakafuni mbele yake, akamzuia bila kujua.

"Mama, shikamoo," ilisema sauti yake kutoka kwenye spika zote mbili, kubwa kuliko yeye. "Sisi hatujambo. Hapa pazuri. Baridi ipo. Sara anaongoza darasani kwa hesabu. Godson ameanza kuvaa viatu mwenyewe, lakini vya kushoto kulia." Halafu habari za kazi, ambazo zilikuwa za kazi ya mtu mwingine, alimwambia mama yake anasimamia ramani za viwanja vya kampuni. Cyprian aliangalia zulia. Bi Daulat aliangalia dirisha, kwa heshima.

"Umeuliza habari za Dorotea," sauti iliendelea, sasa chini zaidi, ya mtu anayezungumza karibu na mtoto anayekula uji. "Mama, haimbi. Nimekuwa nikingoja nimsikie, hata jikoni, hata akiosha vyombo. Kanisani anafungua mdomo tu. Nikirudi nyumbani kumekaa kimya kama ofisini Jumapili. Nadhani nimemleta mahali pabaya. Sijamwuliza. Nikimwuliza akasema ndiyo, nitamjibu nini? Mimi mwenyewe sijaimba tangu tufike. Nilikuwa nafikiri tutaimba wote. Wewe usimwambie mtu. Ombi lako sitampa, Mama, nisije..."

Kisha kitufe kikalia, tak.

Na papo hapo, bila pumzi katikati, waliingia wanawake watatu wakiimba. Waliingia katikati ya neno, katikati ya ubeti wa pili wa wimbo wa pili, sauti moja mbele, moja ubavuni, moja mbali kama ng'ambo ya maji. Chini yao kitu kiligonga mbao, taratibu, bila kuchoka. Godson alisimama akaelekeza kidole kwenye spika.

"Mama," alisema.

Hakuna mtu mzima aliyesogea. Wimbo wa pili uliisha, wa tatu ukaanza, ule ambao kwaya ya ng'ambo inawaomba wenzao kiberiti na wenzao hawana namna ya kukifikisha. Bi Daulat alivua miwani.

"Hawa watatu ni nani?"

"Ni mimi," Dorotea alisema.

"Wote?"

"Wote."

"Na huyu anayegonga?"

Dorotea alitazama kidole chake, kile cha mkono wa kulia, ambacho kifundo chake kilikuwa na sugu ndogo. "Ni meza tu," alijibu.

*

Bi Daulat hakukubali waondoke bila chai, na walipoondoka aliwafuata hadi barazani na sweta zake mbili, akasema kaseti ya kumpelekea mama yao ikiwa tayari kabla ya kesho saa sita, atalifungua sanduku mwenyewe, mzani upende usipende. Kisha alisimama pale mlangoni akapunga mkono hadi basi lilipokata kona. Nyuma yake nyumba nzima ilikuwa kimya, na ndani ya nyumba hiyo kaseti kumi zilibaki mezani zikisema pazuri.

Ndani ya basi Cyprian alishika kaseti kwenye mfuko wa koti, kwa kiganja chote. Alijua alichofuta, dakika sita hivi. Wimbo wote wa kwanza na nusu ya wa pili. Mchezo wa mkewe sasa ulianza na mwanamume anayedanganya kuhusu kazi.

"Saa ngapi?" Dorotea aliuliza.

"Saba na nusu."

"Zamu yako ni saa tisa."

"Najua."

Walipofika saa nane na robo, stesheni ya Finch ilikuwa na upepo unaopita katikati ya nguzo kama umetumwa. Basi lao la kurudi Downsview lilikuwa moja, ila Cyprian angeshuka vituo viwili kupita nyumbani, penye bohari. Walisimama foleni. Mbele yao wanafunzi walisukumana, nyuma yao mwanamke mmoja alifokea simu ya ukutani.

"Naweza kuwapelekea jinsi ilivyo," Dorotea alisema, akimfunga Godson skafu ambayo ilikuwa imeshafungwa. "Waanzie wimbo wa tatu."

"Wataelewa?"

"Hapana."

"Unaweza kuurudia ule wa kwanza leo? Kabla ya saa kumi na moja?"

"Sauti tatu, ni kazi ya muda wa saa moja na nusu. Kama Godson akilala. Kama koo likikubali." Aliikaza skafu tena. "Hautakuwa kama ulivyokuwa."

"Pole," Cyprian alisema. "Niliona upande mtupu. Upande wa kujibia."

"Kosa ni langu. Ulikuwa wako."

Walikuwa watu wa kuombana radhi vizuri. Mtu angewaangalia angesema hawa wanaelewana. Basi lilifika, milango ikajikunja, foleni ikasogea. Wanafunzi waliingia. Cyprian alimbeba Godson, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akageuka kumpa Dorotea mkono.

Dorotea hakuwa ameinua mguu. Alikuwa amefungua mdomo, kisha akaufumba. Cyprian aliujua mdomo ule. Aliuona kwa mara ya kwanza kwenye mazoezi ya kwaya, yeye akiwa safu ya besi na Dorotea safu ya soprano, msichana aliyekuwa na swali kuhusu nota na hakuthubutu kumwuliza mwalimu. Jioni nzima aliimba kosa ili asisumbue mtu.

"Mnaingia au hamwingii?" dereva aliuliza.

Cyprian alifikiria kibanda cha kioo. Alifikiria mara mbili zilizokwisha kuandikwa, na hii ya tatu. Aliurudisha mguu chini. Milango ilijifunga mbele yake, basi likaondoka na joto lake lote, na hapo kituoni wakabaki wao watatu na mwanamke wa simu.

"Jingine ni baada ya dakika ishirini," alisema. "Nimeshachelewa, kwa hiyo hakuna tena cha kuwahi. Sema."

"Si kitu, Baba Sara."

"Dorotea." Hakuwa amemwita kwa jina tangu Sara azaliwe. "Mimi langu limesemwa kwenye spika za watu, mpaka kizee wa Lindi amelisikia. La kwako sijalisikia. Kule kwa Bi Daulat uliulizwa nani anagonga. Ukasema meza."

Upepo ulipita. Godson aliweka kichwa begani kwa baba yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akawa karibu kulala kweli. Dorotea alivua glavu ya mkono wa kulia, sijui kwa nini, labda kwa kuwa hakuwahi kufanya kazi hiyo na glavu. Alipoongea, sauti ilitoka ya kwaya, ya mtu aliye ng'ambo ya mto, hata mwanamke wa simu akanyamaza.

"Ni nafasi yako. Nimekuwa naigonga mwaka mzima ili isizibwe na kitu kingine. Uliponiambia niweke tangazo kanisani sikutaka mtu wa besi, nilikutaka wewe, na sikusema, nikazima friji nikajifungia. Sasa nasema. Usiende kazini leo. Twende nyumbani uimbe na mimi wimbo wa kwanza, tuwapelekee wale wa mjini, na Mama naye tumpelekee. Wakiukataa, wakatae. Nimechoka, Cyprian, kufungua ile kaseti na kujikuta mle ndani peke yangu."